Tom Mboya: fundi wa chama aliyechomwa na moto wa chama

Mkazi wa Mombasa anayekwenda Tudor hupita barabara ya Tom Mboya, na wengi wetu humtajia kondakta jina hilo bila kujiuliza aliyepewa barabara ni nani. Kijana akiulizwa, atasema ni waziri aliyepigwa risasi Nairobi zamani. Ni kweli, lakini ni kipande tu cha habari yake. Mtu huyu ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, kaunti ya Homa Bay, aliacha alama yake hapa bandarini kabla hajawa mbunge wala waziri. Na tunapoona vyama vya leo vikivurugana ndani kwa ndani huku vikiota Ikulu, habari zake zinafaa kusimuliwa upya.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mzungu. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka Rusinga kutafuta riziki, akapanda hadi kuwa nyapara. Mtoto akakulia katikati ya Wakamba, Wakikuyu na Waluo waliovunjika migongo pamoja kwenye mkonge, akajua lugha zao pamoja na Kiswahili. Jambo hilo lilimjenga. Asili yake ilikuwa Nyanza Kusini, ndiyo nchi inayogawanywa leo kuwa kaunti za Homa Bay na Migori, lakini siasa zake hakuzijenga huko. Alizijenga mjini, kwa watu wa makabila yote.

Alisoma kwa wamisionari wa Kikatoliki: Kabaa kule Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Karo ikamshinda mzee wake, masomo yakakatika. Akaenda Kabete kusomea kazi ya ubwana afya, na mwaka 1951 Baraza la Mji wa Nairobi likamwajiri. Aliona wazungu wakifanya kazi ile ile kwa mshahara mkubwa zaidi. Badala ya kulalamika chini kwa chini, alianza kuwakusanya wenzake. Muda si mrefu wafanyakazi wa mabaraza ya miji wakawa na chama chao, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Ulikuwa wakati mbaya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa ndani, chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Hakuna Mwafrika aliyeruhusiwa kuendesha siasa za nchi nzima. Mlango mmoja tu ulibaki wazi, nao ni wa vyama vya wafanyakazi. Mboya akaupitia huo.

Mgomo wa Kilindini

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Wazee wetu hawakuwa wageni wa migomo. Ule wa Januari 1947 uliusimamisha mji mzima na kumfanya Chege Kibachia ajulikane kila mahali kabla serikali haijamfungia mbali. Lakini kugoma wakati wa hali ya hatari lilikuwa jambo lingine. Serikali ilikuwa na mabavu yote na sababu zote za kuyatumia. Maelfu ya watu waliacha makasha na magunia melini wakakaa.

Mboya aliteremka kutoka Nairobi. Alikuwa na miaka 24. Kazi aliyoikuta ilikuwa na pande mbili, na zote ngumu: kuwashawishi makuli wenye hasira wamwamini kijana wa bara wasiyemjua, na kuwashawishi makabaila wa meli kwamba mtu huyo ana uwezo wa kuwarudisha watu kazini. Alizungumza na wagomaji kwa Kiswahili, akawaomba warudi kazini ili madai yao yapelekwe mbele ya mwamuzi. Walirudi. Uamuzi ulipotoka, mishahara ilipanda kwa kiasi ambacho makuli hawakuwahi kukiona. Chama cha wafanyakazi wa bandari kikapata mizizi, na Mboya akapata jina lililovuka bahari.

Hapo ndipo tunapoona kipaji chake na pia kasoro yake. Kipaji kilikuwa kupanga: orodha za wanachama, ada, mikutano, mazungumzo ya mezani, na kujua ni nani wa kumpigia simu. Kasoro ni kwamba mtu anayepanga vizuri kuliko wote huanza kuamini kuwa wengine hawana lao. Wenzake wengi walimheshimu, lakini si wengi waliompenda.

Kutoka Mombasa milango ilifunguka. Alikwenda chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, kisha akaizuru Marekani na kufanya urafiki na viongozi wa wafanyakazi huko. Walimpa dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho lake Nairobi. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek katika Nairobi. Wajumbe walikuwa 8 nchi nzima. Pwani ilimtoa Ronald Ngala, Bonde la Ufa Daniel arap Moi, Nyanza ya Kati Oginga Odinga, na Nyanza Kusini Lawrence Oguda. Tazama majina hayo vizuri. Karibu ugomvi wote wa miaka 12 iliyofuata ulikuwa umekwisha kuketi katika chumba kimoja.

Mwaka 1958 alikalia kiti cha mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, akiwa na miaka 28. Mwaka uliofuata ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, na mwaka 1960 alimwendea John F. Kennedy, akiwa bado seneta, na fedha za familia yake zikasaidia kundi kubwa zaidi kusafiri. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliofaidi safari za mwaka huo. Familia nyingi nchini zina mzee aliyepandia ngazi hiyo.

Ushindi usio na serikali

Chama cha KANU kiliundwa Kiambu kati ya Machi na Mei 1960. James Gichuru alishika urais wa chama kwa niaba ya Kenyatta aliyekuwa kizuizini, Odinga akawa makamu, Mboya katibu mkuu. Ngala na Moi walichaguliwa kushika hazina wakiwa hawapo, wakakataa, wakaenda kuunda KADU. Huo ulikuwa mpasuko wa kwanza. Wa pili ulikuwa ndani ya KANU yenyewe tangu siku ya kwanza.

Odinga na Mboya wote walikuwa Waluo, na watu wa nje walidhani hilo lingewaunganisha. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Odinga, mtu wa Bondo, aliona siasa za Nyanza ni shamba lake, na alikuwa mkubwa kwa umri wa karibu miaka 20. Mboya hakumwomba mtu ruhusa. Odinga alisimama barazani Juni 1958 na kumtaja Kenyatta kuwa kiongozi halali wa Waafrika, wakati wenzake wengi, Mboya akiwemo, waliona ni mapema na ni hatari. Odinga alikuwa na marafiki Peking na Moscow, Mboya alikuwa na marafiki New York na Washington. Kila mmoja alimwona mwenzake kibaraka wa wakubwa wa nje.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulipofika, KANU ilikuwa ikipambana na KADU mchana na kujipiga yenyewe usiku. Jijini Nairobi, Dk. Munyua Waiyaki aligombea dhidi ya Mboya, na Odinga akamuunga mkono Waiyaki, dhidi ya katibu mkuu wa chama chake mwenyewe. Wengi wa wapiga kura wa eneo hilo walikuwa Wakikuyu, na ilidhaniwa wangemfuata mwenzao. Mboya aligawa picha ya ndege, alama yake, akazunguka mtaa kwa mtaa, na akashinda kwa wingi wa kura uliowaacha mahasimu wake mdomo wazi. Wapiga kura walikuwa wameliona jambo ambalo vigogo wa chama hawakutaka kuliona.

KANU ilipata karibu kura 67 katika kila 100, na viti 19 kwa 11 vya KADU. Lakini ilikataa kuingia serikalini kabla Kenyatta hajaachiliwa, na Ngala, mtoto wa Pwani, ndiye aliyeongoza serikali ya KADU. Basi kwa mwaka mzima chama kilichoshinda kilikaa nje kikitazama chama kilichoshindwa kikiendesha nchi. Chama kinapokuwa nje namna hiyo, mambo mawili hutokea. Ama watu hushikana mikono kwa sababu adui ni mmoja, ama huanza kutafutana uchawi. KANU ilifanya yote mawili. Kuachiliwa kwa Kenyatta Agosti 1961, na kupewa urais wa chama miezi miwili baadaye, ndiko kulikozuia nyumba isianguke. Mwaka 1962 ikaundwa serikali ya pamoja, Mboya akapewa wizara ya kazi, akasimamia makubaliano kati ya waajiri, wafanyakazi na serikali yaliyopunguza migomo. Mei 1963 KANU ilishinda wazi, na tarehe 1 Juni tukapata Madaraka.

Limuru: kisu kinanolewa

Serikali ya KANU ilipoingia, Mboya alishika sheria na katiba, kisha tangu Desemba 1964 mipango ya uchumi. Yeye ndiye aliyesimamia waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao licha ya jina lake uliacha mali za watu binafsi salama. Kambi ya Odinga, ambaye sasa alikuwa makamu wa rais wa nchi, ilitaka ardhi igawiwe wasio nayo. Huu ulikuwa ubishi wa haki kati ya watu wenye fikra tofauti, na chama chenye afya kingeujadili mkutanoni kikapiga kura.

Haikuwa hivyo. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mpangaji wa kambi ya Odinga, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vikagawanyika pande mbili, na hapa Mombasa wanachama wakapigana hadi damu kumwagika. Dennis Akumu, kiongozi wa wafanyakazi wa bandari aliyekulia mikononi mwa Mboya, sasa alikuwa upande wa pili. Serikali ikavifuta vyama vikuu vyote viwili na kuunda COTU. Nyumba ambayo Mboya aliijengea msingi kwa mgomo wa Kilindini ilikuwa imevunjwa na ugomvi wa chama chake.

Machi 1966 wajumbe wa KANU waliitwa Limuru. Katibu mkuu ndiye aliyepanga nani anaitwa, nani anaketi wapi, na ajenda ni nini. Kwa hesabu safi, cheo cha makamu wa rais wa chama kikafutwa, na mahali pake vikawekwa vyeo 8, kimoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Odinga akaachwa bila kiti. Pwani ilipewa Ngala, aliyekuwa ameingia KANU baada ya KADU kuvunjwa Novemba 1964. Bonde la Ufa lilipewa Moi, Nairobi Mwai Kibaki. Nyanza haikupewa Mluo, ilipewa Lawrence Sagini wa Kisii. Bildad Kaggia aliposhinda Mkoa wa Kati bila kutarajiwa, kura ilirudiwa mpaka Gichuru akapatikana.

Odinga alijiuzulu Aprili na kuunda KPU. Bunge likabadilisha katiba haraka ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura, na Juni 1966 ukafanyika uchaguzi mdogo ulioitwa uchaguzi mkuu mdogo. KPU ilibaki na viti vichache, nguvu yake ikiwa Nyanza ya Kati. Wabunge wengi wa Nyanza Kusini walibaki KANU. Tangu hapo ukabila ndani ya ukabila ukaingia ziwani: wa Bondo na Kisumu upande huu, wa Homa Bay na Migori upande ule. Ndugu waliitana wasaliti sokoni na msibani.

Mboya alikuwa ameshinda. Lakini alikuwa amewafundisha wenzake somo moja hatari, kwamba katika KANU mtu huondolewa kwa kubadilisha sheria za chama na kupanga orodha ya wajumbe, bila kushindana naye kwa hoja. Waliokuwa naye Limuru hawakuwa marafiki zake. Walimhitaji ili Odinga aondoke. Odinga alipoondoka, wakatazama ni nani aliyebaki kati yao na kiti cha mzee Kenyatta.

Ushindi uliogeuka deni

Kenyatta aliugua mwaka 1968, na hofu ya nani atarithi ikaiva. Mwaka huo katiba ikabadilishwa tena: rais akifariki, makamu atashika kwa siku 90, kisha uchaguzi. Makamu alikuwa Moi tangu Januari 1967. Wakubwa waliomzunguka Kenyatta waliona ni afadhali Moi kuliko Mboya, kwa sababu Moi walidhani wangemwendesha. Matawi ya KANU yakaanza kugombewa wilaya kwa wilaya, kila upande ukiweka watu wake. Hapa Mombasa wafuasi wa Ngala na wa Msanifu Kombo walivutana tawi hilo kwa miaka, na Ngala alihesabiwa kuwa karibu na Mboya.

Januari 1969 Argwings-Kodhek, aliyekuwa waziri, alifariki barabarani Nairobi, na kiti cha Gem kikawa wazi. Mei mwaka huo KPU ikashinda. Maadui wa Mboya wakapata neno: kama hawezi kuiletea KANU kura za Waluo, ana kazi gani? Walisahau kwamba wao wenyewe walikuwa wamemkata miguu. Mtu aliyekataa maisha yake yote kuwa mwanasiasa wa kabila sasa alipimwa kwa mizani ya kabila, na mizani ikasema hatoshi.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, siku moja baada ya kurudi kutoka mkutano Addis Ababa, aliingia duka la dawa Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Kijana aitwaye Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kifo mwaka huo huo na ikatangazwa kwamba amenyongwa. Alipokamatwa inasemekana aliuliza kwa nini wasimtafute mkubwa, na swali hilo halijajibiwa hadi leo. Hakuna mahakama iliyothibitisha nani alimtuma, na mwandishi mwungwana hatajaza pengo hilo kwa uvumi. Lakini wananchi hawakusubiri mahakama. Siku ya misa, msafara wa Kenyatta ulipigwa mawe mbele ya kanisa kuu la Holy Family.

Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, umati ukijaa njiani, ukazikwa Rusinga. Waluo waliogawanyika miaka mitatu wakaungana kaburini, na walioungana waliungana upande wa Odinga. Oktoba 25, Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali Kisumu, maneno yalizidi, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kenya ikabaki na chama kimoja, kwa vitendo na baadaye kwa sheria, hadi Desemba 1991.

Urithi na onyo

Gharama ya ugomvi ule haikulipwa na vigogo peke yao. Nyanza ilitupwa kando kwa miongo, na pengo la Kikuyu na Mluo lililoanza mwaka 1969 likawa likifunguka kila uchaguzi. Sisi wa Pwani tulilipa pia. Ngala alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari, na madai ya majimbo aliyoyabeba hayakupata tena msemaji wa uzito wake kwa muda mrefu.

KANU nayo haikupona ugonjwa wa Limuru. Machi 2002 Moi aliitisha wajumbe Kasarani kuiunganisha KANU na chama cha NDP, na kwa mara nyingine cheo cha makamu kikakatwa vipande, safari hii 4, huku makamu wa rais George Saitoti akiachwa nje. Raila, mtoto wa Odinga, akawa katibu mkuu, kiti kile kile cha Mboya. Miongoni mwa makamu wanne walikuwamo Uhuru, mtoto wa Kenyatta, na Katana Ngala, mtoto wa Ronald Ngala. Kufikia Oktoba Raila na Saitoti walikuwa wamehama, na Desemba KANU ikaanguka baada ya miaka 39 madarakani. Ilipojaribu kujijenga ili irudi, ikagombana tena: mwaka 2006 kambi ya Nicholas Biwott ilikutana hapa Mombasa na kumtangaza mwenyekiti, Uhuru akakimbilia mahakamani. Haijarudi Ikulu mpaka leo.

Ndiyo maana habari za Mboya si za Homa Bay na Migori peke yake, ambako kura za mchujo huwa moto kuliko uchaguzi wenyewe. Chama kilicho nje ya serikali kina mali moja tu, nayo ni imani ya wanachama kwamba kura yao ndani ya chama itahesabiwa. Kila orodha ya wajumbe inayopikwa, kila tawi linalotekwa usiku, kila cheti cha uteuzi kinachouzwa, huipunguza mali hiyo. Anayefaidi leo hujiona mjanja. Mboya alikuwa mjanja kuliko wote waliomfuata, mwenye elimu ya vyama kuliko wote, na sheria alizozikunja hazikuwepo kumkinga zamu yake ilipofika.

Wanaotaka kumuenzi wana mahali pengi pa kwenda: kaburi lake Rusinga lililojengwa kwa umbo la risasi, sanamu yake Moi Avenue karibu na alipoangukia, chuo kikuu chenye jina lake mjini Homa Bay. Sisi tuna barabara ya Tudor na bandari ya Kilindini, ambako kijana wa miaka 24 aliwaonyesha makuli kwamba watu wakijipanga kwa uwazi na kuheshimu makubaliano, hata serikali ya hali ya hatari hukaa mezani. Vyama vinavyoitafuta Ikulu vianze na somo hilo la Kilindini, vilitupe lile la Limuru.